Amejifungua, na amefiwa pia

Watu wa huku kwetu tunajua kufiwa na tunajua kuzaa. Mtu mzima akifa mtaani, mwili bado uko mochwari lakini turubai limeshasimama, mikeka imetandikwa, kuna mtu ana daftari la rambirambi mkononi, kina mama wameshagawana nani anachambua mchele nani anamenya vitunguu, na mfiwa mwenyewe hagusi hata kikombe. Mwanamke akijifungua ni hivohivo, mama yake anapanda basi na begi lake anakuja kukaa arobaini yote, mzazi anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, anafungwa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtori, supu ya kuku wa kienyeji, akishika fagio tu ananyang'anywa. Haya hatujayasomea semina, tumeyakuta na tunayaweza vizuri sana.

Sasa kichanga akifa, siku ya pili, ya nne, ya kumi, yote mawili yanafungwa kwa pamoja. Msiba haupo, manake "ni kichanga tu jamani". Uzazi nao umeisha, manake mtoto hayupo. Anabaki mwanamke ambaye juzi tu ametoka leba, damu bado inatoka, matiti yanajaa, amekaa kitandani na nyuma ya pazia watu wanaongea kwa kunong'ona, baada ya siku mbili tatu wanaaga mmoja mmoja wanaenda zao. Mimi naandika kwa sababu naamini kabisa hatuhitaji kuagiza kitu kipya ili kumsaidia huyu mama na mume wake. Tunavyo tayari, ila tunawanyima. Amejifungua, mpeni uzazi wake. Amefiwa, mpeni msiba wake.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa njiti na hakufikisha wiki. Jina lake silitaji hapa, ni la nyumbani kwetu, ila analo. Tangu hapo nimejikuta nakaa na kina mama wengine waliopita njia hiyo, tulianza wachache tuliojuana palepale wodini kwenye benchi la kukamulia maziwa, sasa hivi tuna grupu la WhatsApp, mtu akisikia kuna mama kafiwa huko Mbagala au Kigamboni au Tegeta anaandika, na aliye karibu anaenda. Hatujasajiliwa popote, hatuna ofisi. Kwahiyo ninayosema humu ni niliyoyaona kwangu na kwenye nyumba za watu, pamoja na machache niliyoyatafuta kwa sababu nilitaka kujua.

Kwanza tuondoe ile dhana kwamba hili ni jambo la nadra, kwamba limemkuta fulani tu na lazima kuna mkono wa mtu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, ule unaoitwa TDHS, ulikuta kwamba hapa Tanzania vichanga 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai wanafariki kabla ya kumaliza siku 28, yaani kama mmoja kwa kila 42. Kenya mwaka huohuo walikuta 21. Duniani kote mwaka 2022 walifariki vichanga milioni 2.3, na karibu robo tatu ya vifo vya namna hii hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Sababu kubwa zinajulikana, ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi, na watoto wanaozaliwa na kasoro mwilini. Kwenye orodha hiyo huwezi kukuta kugombana na wifi, wala jicho la jirani, wala kwenda kwenye msiba ukiwa mjamzito. Nalisema hili mapema kwa sababu swali linalomkesha mama huyu usiku kucha ni "nilifanya nini", na kuna watu wanakuja na sura ya kutoa pole halafu wanalijibu hilo swali kwa kumwongezea mzigo.

Nianze na pale wodini maana ndo mengi yanapotokea na ndo muda ambao haurudi. Mwanangu muda wote alikuwa na mirija puani, nilikuwa namgusa kidole tu kupitia kile kitundu cha inkyubeta. Alipofariki nesi wa zamu ya usiku aliniuliza, "Mama, unataka kumbeba?" Sikujua kama inaruhusiwa. Alimtoa mirija taratibu kama mtoto aliyelala, akamfuta uso, akamfunga kwenye khanga yangu akanipa, akavuta pazia akatuacha. Sijui nilikaa naye muda gani. Najua tu kwamba huo ndo muda pekee nilioshika uzito wake wote, na hadi leo mikono yangu inaujua. Nesi yule hakutumia dawa wala mashine wala bajeti ya mtu, aliuliza swali moja.

Wenzangu wengi hawakuulizwa. Mmoja alitoka kuoga akakuta kitanda cha mtoto kimeshatandikwa shuka safi. Mwingine aliambiwa na ndugu zake mwenyewe, "usimwangalie, atakukaa kichwani", na kwa nia njema kabisa wakamzungushia mlango wa pili, na mpaka leo anachomsumbua ni kwamba hajui mtoto wake alikuwa na sura gani, anaunda sura kila usiku na kesho yake inabadilika. Hata Uingereza walikuwa wanafanya hivyohivyo zamani, mtoto anaondolewa haraka, mama anarudishwa nyumbani aambiwe asahau, mpaka wazazi wenyewe wakaanza kupaza sauti, shirika lao la Sands lilianzishwa 1978, na taratibu hospitali za kule zikajifunza kuwaacha wazazi wamshike mtoto, wampige picha, wakae naye. Sisi tunazika mapema na hilo halina shida. Lakini nusu saa ipo. Hata penye wodi imejaa na vitanda vinasubiriwa, nusu saa ipo.

Na aulizwe, asilazimishwe. Kuna anayesema hapana, ni haki yake, ila mpe nafasi ya kubadilisha mawazo kabla mwili haujaondoka. Kama kuna simu karibu piga picha moja, hata kama mama anasema hataki kuona, itunze wewe, kuna siku ataiulizia. Alama ya unyayo unaweza kuipata kwa ile pedi ya wino ya muhuri iliyopo kwenye kila ofisi ya hospitali na karatasi nyeupe. Ile plasta ya mkononi yenye jina la mama, kofia, soksi, kadi ya kliniki, msitupe na msichome. Mnaosafisha chumba nyumbani kabla mama hajarudi, mkaficha beseni na nguo zote ili "asione", naomba muache. Acheni afungue droo mwenyewe siku akiweza, kwani vile vitu ndo ushahidi alionao.

Sasa niseme kuhusu maziwa, maana hapa ndo nimeona wanawake wengi wakiteseka bila mtu kuwaambia chochote. Maziwa yanakuja kwa sababu kondo la nyuma limetoka, homoni zilizokuwa zinayazuia zimeshuka, basi. Mwili hausubiri kujua mtoto yupo au hayupo. Kwa kawaida ni kati ya siku ya pili na ya nne, yaani mama ameshazika, amerudi nyumbani, amelala kidogo kwa mara ya kwanza, anaamka blauzi imelowa. Ukiwa hujaambiwa kwamba hilo linakuja unaweza kuchanganyikiwa. Nesi au dokta unayesoma hapa, tafadhali mwambie kabla hajatoka wodini, dakika tatu zinatosha.

Cha kufanya ni hiki. Avae sidiria inayoshika vizuri lakini isiyobana. Asifungwe kifua kwa kitenge kwa nguvu kama zamani, kunaziba mirija na kuleta maambukizi. Kitambaa cha maji ya baridi, au majani ya kabichi yaliyopoa kwenye friji, yanapunguza ule ugumu. Panadol anaweza kumeza. Matiti yakiuma sana akamue kidogo tu mpaka apate nafuu, asikamue mpaka yaishe maana ukiyamaliza mwili unatengeneza mengine. Taratibu yatapungua yenyewe, kwa wengine siku chache, kwa wengine hata wiki mbili na zaidi. Vidonge vya kukausha maziwa vipo lakini hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, hasa kama mama alikuwa na presha ya mimba, asiende kujinunulia duka la dawa. Akipata homa, au titi likawa jekundu na la moto upande mmoja, hospitali siku hiyohiyo.

Na kukandwa kuendelee. Hapa nitamsema mama yangu mdogo, kutoka Muheza, ambaye alikuwa ameshakata tiketi ya kuja kunilea uzazi tulipompigia simu kumwambia mtoto hayupo. Watu wote walidhani atarudisha tiketi. Alikuja na ndoo yake. Asubuhi ya kwanza akachemsha maji, mama mkwe akamwambia kwa upole, "Dada, si mtoto ameshaondoka?" Mama mdogo wala hakuinua kichwa, akasema, "Kwani nilikuwa nakuja kumkanda mtoto? Namkanda huyu." Akanikanda mgongo, akanikanda nyonga, akanikanda miguu iliyovimba, kwenye matiti hakugusa na maji ya moto kwa sababu nesi alimwambia moto unavuta maziwa. Nililia pale kwenye kigoda kuliko nilivyolia mahali popote, yeye anakanda tu, hakuniambia nyamaza. Akakaa arobaini yote. Mkono wake mgongoni ulikuwa unaniambia kila asubuhi kwamba mimi ni mzazi, kwamba yule mtoto kweli alikuja. (Aliyejifungua kwa oparesheni asikandwe tumbo, mshono haupendi hivyo, ila miguu na mgongo hakuna anayekataza.)

Kuna jambo la kliniki ambalo ukilifikiria linauma. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke akishajifungua aonwe tena na wahudumu ndani ya siku tatu za mwanzo, halafu kati ya wiki ya kwanza na ya pili, halafu wiki ya sita. Huku kwetu mama anarudi kliniki kwa ajili ya chanjo ya mtoto, na yeye anaangaliwa humohumo. Mtoto asipokuwepo hakuna tarehe, hakuna kadi, hakuna anayemsubiri. Presha inaweza kupanda baada ya kujifungua, damu inaweza kuzidi, mshono unaweza kuoza, na mtu hajarudi kwa sababu atarudi kufanya nini? Akienda anakaa benchi moja na kina mama kumi wenye watoto mapajani na wa pembeni yake anamuuliza kwa uchangamfu, "wako yuko wapi?" Kwahiyo sisi tunafanya hivi, mmoja wetu anatangulia, anaongea na sista wa zamu, anamweleza, na mara nyingi sana sista anasema mlete moja kwa moja huku. Wifi, dada, shoga, hiyo kazi ni yako. Usimwambie tu "ukienda kliniki salimia". Nenda naye.

Halafu kuna kaburi. Kwa wengi wetu mama hajui mtoto wake kalala wapi. Yeye bado yuko wodini, au yuko nyumbani haruhusiwi kutoka, wanaume wawili watatu wamepewa mwili umefungwa khanga au umewekwa kwenye boksi, wamepanda bajaji wamekwenda, wamerudi wamenawa mikono na hakuna aliyesema neno. Wengine nimewasikia waliulizwa hospitali "mnachukua au mnaacha", na ndugu akajibu tunaacha bila kumuuliza mama wala baba. Miaka inapita, mama anataka kwenda kuweka hata ua au kusoma dua, anauliza, anaambiwa "kule makaburini upande wa juu".

Nimewahi kuambiwa kwamba ndo dini inavyotaka. Sio kweli. Kwetu Waislamu mtoto aliyezaliwa hai, hata kama alivuta pumzi kwa dakika chache, anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, anapewa jina, anazikwa kama muumini mwingine yeyote. Mtume mwenyewe, rehema na amani ziwe juu yake, alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alilia mbele za watu, alipoulizwa akasema hiyo ni rehema, na kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika lakini hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Wakristo nao, Wakatoliki wanaruhusu mtoto aliye hatarini kufa abatizwe na mtu yeyote aliyepo, hata nesi, kwa maji na kwa jina la Utatu, na mazishi ya kanisa yapo. Rafiki yangu mmoja wa Kilutheri huwa anashikilia ule mstari wa Daudi alipofiwa na kichanga siku ya saba, "mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi". Kwahiyo shehe, mchungaji, padri, wazee wetu, mkiitwa kwa kichanga njooni, na njooni na muda. Mke wa mtu akiwa hawezi kufika makaburini, mume au kaka ampigie picha mahali penyewe, aandike namba ya mstari, aweke jiwe linalotambulika. Na cheti kipo pia, mtoto aliyezaliwa hai akafariki anasajiliwa RITA, wale wa serikali wanaotoa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, kuzaliwa kwake na kifo chake. Kuna mama kwenye grupu letu cheti cha kuzaliwa cha mwanawe amekiweka kwenye fremu ukutani, na mimi sioni ajabu hata kidogo.

Maneno ya kusema msibani siyatolei somo refu. "Mungu atakupa mwingine" acha. "Bora amekufa hujamzoea" acha kabisa, nilimzoea tangu anaanza kucheza tumboni. "Wewe bado kijana" acha. Sema "pole", taja jina la mtoto kama unalijua, kama hulijui uliza. Uliza alifanana na nani. Utashangaa jinsi mama atakavyokaa vizuri aanze kukueleza kuhusu vidole na nywele. Kama huna la kusema kaa tu, osha vyombo, mchukue mtoto mkubwa ukacheze naye.

Na huyo mtoto mkubwa aambiwe ukweli. Wangu alikuwa anaongea ongea, kila siku alikuwa anapiga busu tumbo, halafu tumbo likaisha na mtoto hakuja. Shangazi yake alitaka kumwambia mtoto amesafiri. Mtoto ukimwambia hivyo anakaa mlangoni anasubiri, na siku baba akisafiri anaogopa naye harudi. Tulimwambia mdogo wako alizaliwa mdogo sana, mwili wake ukashindwa kufanya kazi, amekufa, hatarudi, sio kwa sababu ya kitu ulichofanya wewe, na sisi tunalia kwa sababu tulimpenda. Aliuliza hilohilo tena na tena kwa wiki kadhaa, tukawa tunajibu hilohilo.

Baba sasa. Mume wangu ndiye aliyebeba, ndiye aliyeingia kaburini, alirudi viatu vina udongo na mtu wa kwanza kumsemesha alimwambia "jikaze mzee, mwenzio ndani anakutegemea". Kila aliyekuja nyumbani aliuliza "mama anaendeleaje". Yeye alikuwa anatoa taarifa yangu kama mhudumu wa mapokezi. Wanaume wengi nilioona wanarudi kazini haraka mno, wanachelewa kurudi jioni, wengine pombe inaongezeka, na mke anadhani hajali, kumbe mtu hana mahali. Mume wangu alikuja kufunguka miezi mingi baadaye, tena tukiwa garini yeye anaendesha macho yakiwa barabarani, akaanza kunieleza mwili ulivyokuwa mwepesi ndani ya ile khanga. Tangu hapo nikiambiwa baba fulani haongei nawaambia wenzie wa kijiweni wasimkalishe chini wamhoji, wamchukue mahali, wafanye naye kitu, waende naye makaburini kupalilia. Na wakimpa pole wampe kwa ajili yake, wasimtume aifikishe ndani.

Kuna vitu vinatisha lakini ni vya kawaida wiki za mwanzo, nivitaje ili mtu asidhani anarukwa na akili. Kusikia mtoto analia usiku. Mikono kuuma au kuhisi mitupu. Kumchukia mjamzito unayempenda. Kumkasirikia Mungu. Kuamka kwa haraka ukamnyonyeshe. Ila kama mama siku zinapita halali hata akiwa amechoka hoi, hali, haogi, anasema bora amfuate mtoto wake, au anasikia sauti zinazomwamuru kitu, hiyo ni hatari na inahitaji hospitali siku hiyo. Usimwache peke yake, na usimalizie kwenye maombi, ombeni njiani mkiwa mnampeleka. Sonona ya baada ya kujifungua inampata hata mama ambaye mtoto wake hayupo, watu wengi hawalijui hili. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, Dodoma kuna Mirembe, na kwenye hospitali nyingi za mikoa na wilaya ulizia afisa ustawi wa jamii, huyo ndo mlango. Kenya wenzetu wamefika mbali kidogo, Wanjiru Kihusa baada ya kupoteza mimba zake mwenyewe alianzisha Still A Mum, wazazi waliofiwa wanakutana na kupata ushauri. Natamani sana tuwe na kitu cha namna hiyo kwenye kila mkoa.

Na jambo la mimba nyingine, kwa haraka. Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba mapema mno, hata kabla hajaona siku zake, wiki chache tu. Shirika la Afya linashauri kusubiri kama miezi 24 baada ya kuzaa ndo ushike nyingine. Wazazi waamue wenyewe na daktari wao, lakini waamue wakijua, isiwe imetokea kwa sababu kila mtu alikuwa anawaambia waharakishe kuziba pengo. Atakayekuja ni mtu wake, na yeye ana nafasi yake.

Wazee wangu wananiuliza, sasa unataka turubai na pilau kwa kila kichanga? Nawaelewa. Zamani watoto walikufa wengi sana, bibi yangu mzaa mama alizika zaidi ya mmoja, na ule ukimya ulikuwa namna ya kuwawezesha wanawake kuamka kesho yake waende shamba. Siwadharau. Lakini bibi huyohuyo uzeeni alikuwa akiwahesabu watoto wake wote, na wale wadogo wakiwemo, kwahiyo ukimya haukumsahaulisha chochote, ulimfanya tu abebe peke yake. Turubai sitaki. Nataka kigoda, ndoo ya maji ya moto, mtu wa kulala naye chumbani wiki za mwanzo, na mtu atakayekumbuka arobaini ikifika.

Mwisho niwape jambo ambalo wanawake walioajiriwa wengi hawalijui na mabosi wengi wanalikanyaga. Mwenzetu mmoja aliambiwa na ofisi yake kwamba kwa kuwa mtoto amefariki basi likizo ya uzazi haipo tena, arudi Jumatatu. Alirudi, akawa anakwenda chooni kukamua maziwa. Nikaenda kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na nilichokikuta kimenipa nguvu ya kuandika haya yote. Kifungu cha 33 kinampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hakuna mahali pamesema siku hizo zinakatika mtoto akifa. Tena kifungu kidogo cha 7 kinasema mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama ana haki ya siku 84 nyingine zenye malipo ndani ya mzunguko uleule wa likizo. Kifungu cha 34 kinampa baba angalau siku tatu za malipo mtoto akizaliwa, azichukue ndani ya siku saba, na angalau siku nne za malipo mtoto akiugua au akifariki. Yaani sheria ya nchi inawatambua kwa yote mawili, wamezaa na wamefiwa. Mama akiwa kwenye hali ile hawezi kwenda kubishana ofisini, kwahiyo dada, kaka, shemeji, chapisha hivyo vifungu viwili, nenda navyo kwa watu wa rasilimali watu wiki hiyohiyo, wakikataa nenda ofisi ya kazi ya mkoa wako.